DERAYA: VAZI LA PETE ZA CHUMA, LILIVYOTENGENEZWA ZAMANI NA LINAVYONUNULIWA LEO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Makala hii ni deni. Katika darasa la tafsiri tulifika Surat Saba, aya ya 10 na ya 11, pale Mwenyezi Mungu anapotueleza kwamba alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamuru atengeneze deraya pana na apime sawasawa katika kuziunga. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono: "Ustadh, nguo ya chuma inashonwaje? Na leo mtu akitaka anaweza kuipata?" Swali la kwanza nilijaribu kulijibu palepale, na sikulijibu vizuri. La pili nilimwahidi kwamba nitalitafutia jibu.

Kwanza jina lenyewe. Deraya ni neno la Kiarabu, dir'u, nasi Waswahili tumelichukua. Zipo deraya za mabamba ya chuma na zipo za pete. Hapa nazungumzia za pete, maana ndizo zinazotajwa katika kisa cha Nabii Daud (a.s.), na ndizo zinazotengenezwa na kuuzwa zaidi hivi leo. Pete ndogo za chuma huunganishwa moja kwa nyingine, kila pete ikipita ndani ya nyingine nne, mpaka linapatikana vazi linalokunja na kulegea kama kanzu. Upanga ukikata hukuta chuma, na mvaaji anaweza kuinama, kupanda farasi na kukimbia.

Wafasiri wana maneno mazuri juu ya amri ile ya kupima. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kwamba maana yake ni msumari unaofunga pete: usiwe mwembamba ukalegea ndani ya tundu, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Mwanafunzi mpenzi, yashike maneno haya, kwani tutakapofika dukani tutayahitaji.

Vazi hili si geni katika historia yetu. Mtume (s.a.w.) alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, siku ya Uhud. Alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi thelathini za shayiri, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Sayyidna Ali (r.a.) alitoa deraya yake kuwa mahari ya Bibi Fatma (r.a.). Tunaona basi kwamba ilikuwa mali yenye thamani, inayowekwa rehani na kuolea. Tukija karne za baadaye, Sultani Salahuddin alishambuliwa kwa kisu tarehe 22 Mei 1176, alipokuwa ameuzingira mji wa Azaz huko Sham. Kisu kilimpiga kichwani, na kilichomwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni pete za chuma alizokuwa amezivaa chini ya kilemba.

Mwandishi wa zama hizohizo, Usama bin Munqidh wa ngome ya Shayzar (1095-1188), ameeleza vazi lake alilokuwa akiliita kazaghandi. Kwa nje lilionekana koti la kawaida. Ndani yake mlikuwa na deraya ya Kifaranji iliyofika chini, juu yake nyingine iliyoishia kiunoni, kisha bitana, sufi iliyoshindiliwa, hariri isiyosokotwa na manyoya ya sungura. Nimeyataja haya makusudi. Watu wengi wakiona picha ya askari wa kale hutazama chuma tu, na wanaonunua deraya leo hufanya kosa hilohilo.

JINSI PETE INAVYOFUNGWA

Mhunzi wa zamani alianza na waya. Kipande cha chuma kilivutwa katika bamba lenye matundu yanayopungua, tundu baada ya tundu, mpaka kikawa chembamba. Waya ule ulizungushwa kwenye fimbo ya chuma ukawa kama springi, kisha springi ikakatwa upande mmoja zikaanguka pete zilizo wazi. Ncha za kila pete zilipandishwa moja juu ya nyingine, pete ikatiwa motoni na kuachwa ipoe polepole ili ilainike, ncha zikapondwa kwa nyundo ziwe bapa, zikatobolewa. Hapo ndipo pete ilipoingizwa katika zile nne, ikatiwa msumari mdogo sana, yaani ribiti, ukapondwa kwa koleo. Mafundi wengi walipunguza kazi kwa kuchanganya safu: safu moja ya pete zisizo na mshono kabisa, safu inayofuata za ribiti. Kwa njia hiyo nusu tu ya pete ndizo zilizohitaji kufungwa kwa mkono.

Haya, tupige hesabu. Deraya ya kufika mapajani yenye mikono inaweza kuwa na pete 20,000 na zaidi. Tuseme fundi anafunga pete moja kwa dakika moja. Hizo ni saa 333. Ukifanya saa tatu kila jioni bila kukosa hata siku moja, utamaliza siku ya 111. Na pete ya waya wa milimita 1.6 yenye uwazi wa milimita 9 ina uzito wa nusu gramu hivi, kwa hiyo pete 20,000 ni kilo kumi mabegani mwako. Deraya nyingi za zamani zilikuwa kati ya kilo 10 na 15.

Sisi wenyewe tulijaribu. Jumamosi moja baada ya darasa tulinunua waya duka la vifaa vya ujenzi, tukatafuta plaizi mbili na msumari mnene wa kuzungushia. Vijana sita, alasiri nzima, wakapata kipande cha ukubwa wa kiganja. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, kikimwagika mkononi kama mchanga. Kisha wawili wakakishika huku na huku wakakivuta, na kikafunguka katikati. Hakuna waya uliokatika. Pete zilifunguka midomo tu, kwa sababu tulikuwa tumezikutanisha ncha bila kuzifunga kwa msumari. Nilifurahi kuliko wao, kwani pale ndipo nilipoelewa kwa nini wafasiri walishughulika na msumari mdogo kiasi kile.

Tahadhari moja kwa watakaojaribu nyumbani. Waya mweupe unaong'aa, ule wa seng'enge, umepakwa zinki. Kuukunja kwa plaizi hakuna neno, lakini usiutie motoni hata kidogo. Moshi wa zinki ni sumu. Humletea mtu homa, kutetemeka na kifua kubana. Anayetaka kulainisha waya kwa moto atumie waya mweusi wa kufungia nondo, tena nje penye upepo, tena pamoja na mtu mzima. Na vaeni miwani, kwani pete inapokatwa huruka.

NI NANI ANAYENUNUA LEO?

Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaoigiza maisha na vita vya zamani. Wengine hufanya hivyo kufundisha historia. Pale Sussex, Uingereza, kwenye uwanja wa vita vya Hastings vya mwaka 1066, watu hukusanyika mwezi wa Oktoba wakiwa na deraya na ngao mbele ya watazamaji. Wengine wameufanya mchezo wa kupigana kweli. Chama cha Society for Creative Anachronism kilianzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, na wanachama wake hupigana kwa fimbo za henzirani badala ya panga (nawaona wanafunzi wangu wakicheka, ndiyo, henzirani hiyohiyo mnayoijua). Na mwaka 2010 huko Khotyn, Ukraine, yalianza mashindano ya Battle of the Nations, ambako walipigana kwa silaha za chuma zisizotiwa makali.

Deraya wanazovaa hutoka wapi? Wachache huzitengeneza wenyewe, kwa miezi. Nyingi hutoka India, ambako kuna mafundi wa kuzifunga pete kwa mkono. Mjini Dehradun, kaskazini mwa India, iko kampuni ya Windlass Steelcrafts iliyoanza mwaka 1943, na mji wa Meerut nao una watengenezaji. Kwa hiyo deraya ya "askari wa Kiingereza" unayoiona katika picha huenda pete zake zimefungwa na mikono ya Mhindi. Mimi sioni aibu katika hilo. Usama naye, kama tulivyoona, alivaa ya Kifaranji ndani ya koti lake.

KABLA HUJATOA PESA

Swali la kwanza la mnunuzi ni hili: ni ya kuvaliwa jukwaani au ya kupigwa? Kwa jukwaa, hata ya aluminiamu inafaa, ni nyepesi na haishiki kutu. Katika filamu za The Lord of the Rings (2001-2003) pete nyingi zilikatwa kutoka mabomba ya plastiki, na watazamaji hawakujua. Huo si udanganyifu, kwani ni mchezo na kila mtu anajua ni mchezo. Ubaya huanza pale vazi la jukwaani linapouzwa kwa mtu atakayesimama mbele ya fimbo au chuma.

Tazama pete moja kwa karibu, ikibidi kwa kioo cha kukuzia. Ukiona ncha mbili zimekutana tu, hiyo ni kama ile ya vijana wetu, itafunguka. Ukiona kichwa kidogo cha ribiti, shika pete uisukume kwa ukucha. Ribiti ikicheza, tundu ni kubwa kuliko msumari. Ukiona ufa umetoka kwenye tundu, msumari ulikuwa mnene, au pete ilitobolewa pembeni mno. Ndugu msomaji, hayo si yaleyale aliyoyasema Mujahid? Kisha usitazame kifuani tu. Nenda kwapani na nyuma ya shingo, mahali ambapo fundi mvivu hutarajia hutafika. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya lundo la nafaka akakuta unyevu chini, juu pakavu, hakuridhika na kilichokuwa juu.

Deraya ya ribiti bei yake huwa mara kadhaa ya ile isiyo na ribiti, na ukikumbuka zile saa 333 hutalalamika sana. Anayekuuzia ya ribiti kwa bei ya isiyo na ribiti, muulize maswali. Na jihadharini na anayesema deraya yake ni ya kale. Chuma kipya kikipakwa tindikali au kikizikwa ardhini penye unyevu hushika kutu haraka kikaonekana cha miaka 500. Kutu si cheti. Deraya ya kale hasa huja na habari zake, ilitoka kwa nani, ikapita wapi.

Kipimo: jipime kifua ukiwa umeshavaa koti la ndani, kisha ongeza sentimita 15 mpaka 20. Deraya hunyumbuka upande mmoja tu, na ikikubana hutaweza kuivua bila msaada. Vaa na mkanda mpana kiunoni, uivute juu kidogo ya mkanda, ili sehemu ya uzito ikae nyongani badala ya kuning'inia yote mabegani.

Na koti lile la ndani lisisahauliwe. Deraya huzuia makali yasikate, lakini pigo lenyewe hupita. Rungu likikupiga begani juu ya pete tupu, mfupa utavunjika na pete zitabaki nzima. Ndiyo sababu ya sufi, pamba na manyoya katika kazaghandi ya Usama. Kama pesa ni chache, nunua kwanza kofia nzuri ya chuma na koti nene la pamba, deraya ije baadaye. Chama kile cha Marekani nilichokitaja kinataka kofia yenye chuma cha unene wa milimita 1.6 hivi, na ndani yake mto usiopungua sentimita moja na robo. Wao wamepata uzoefu kwa vichwa vyao. Zipo kofia nyembamba za mapambo zinazofanana na hizo kabisa katika picha. Uliza unene kwa milimita, na muuzaji akishindwa kukujibu, mwache.

Jambo dogo kwa ndugu zetu walioko Ulaya: majoho mengi yanayouzwa pamoja na deraya huwa na msalaba kifuani. Yako pia yasiyo na alama yoyote, agizeni hayo.

Mwisho ni utunzaji. Chuma cha deraya kikipata jasho na hewa ya bahari, siku mbili tu kinageuka rangi. Watu wa kale walizitia deraya ndani ya pipa lenye mchanga wakalibingirisha, pete zikasuguana na kutu ikatoka. Leo unaweza kufanya hivyo kwa ndoo yenye kifuniko na mchanga mkavu, kisha uifute na kuipaka mafuta mepesi ya mashine. Usiitundike kwenye hanga, kwani uzito wake utazivuta pete za mabegani. Ikunje uiweke bapa ndani ya kitambaa kilicholowa mafuta. Kile kipande chetu cha kiganja tumekihifadhi hivyo, kimo katika kabati la ofisi ya madrasa pamoja na plaizi zote mbili, na mahali kilipofunguka hatujapafunga. Anayetaka kukiona na kukijaribu aje Jumamosi baada ya Alasiri.