Mitandao ya kijamii katika utafiti wa uhasibu: kweli au si kweli?

Zamani mtafiti wa uhasibu alitegemea ripoti za mwaka, bei za hisa na makadirio ya wachambuzi. Siku hizi anasoma pia yanayoandikwa Facebook na X, iliyokuwa ikiitwa Twitter. Wapo wanaoudharau utafiti huu, na wapo wanaouamini kupita kiasi. Tuyapime madai matano.

Dai la 1: Mtandaoni kuna porojo tu, hakuna taarifa za kampuni.

SI KWELI. Julai 2012, mkuu wa Netflix, Reed Hastings, aliandika kwenye ukurasa wake wa Facebook kwamba mwezi Juni wateja walikuwa wametazama zaidi ya saa bilioni 1. SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilichunguza jambo hilo. Aprili 2013 ikaeleza kwamba kampuni inaruhusiwa kutoa taarifa muhimu kwenye mitandao ya kijamii, mradi wawekezaji wameshajulishwa ni ukurasa gani waufuatilie.

Dai la 2: Kurudia Twitter tangazo lililokwisha kutolewa hakuna faida.

SI KWELI. Mwaka 2014, Blankespoor, Miller na White walichapisha katika jarida la The Accounting Review utafiti kuhusu kampuni za teknolojia. Waliona kwamba kampuni zilipotuma kiungo cha tangazo lao, pengo kati ya bei anayotaka muuzaji wa hisa na bei anayotoa mnunuzi lilipungua, hasa kwa kampuni zisizojulikana sana. Habari ilikuwa ileile, ila iliwafikia watu ambao wasingeipata.

Dai la 3: Maoni ya watu wa kawaida yanaweza kuashiria faida ya kampuni.

KWELI, KWA KIASI. Bartov, Faurel na Mohanram walichambua ujumbe wa Twitter wa miaka ya 2009 hadi 2012. Walionyesha kuwa maoni hayo, yakijumlishwa kabla ya matokeo ya robo mwaka kutangazwa, yalisaidia kubashiri matokeo hayo na mwenendo wa bei ya hisa. Lakini nguvu iko katika jumla. Ujumbe mmoja unaweza kupotosha soko zima: tarehe 23 Aprili 2013 wadukuzi waliingia katika akaunti ya shirika la habari la AP wakazusha kwamba Ikulu ya Marekani imelipuliwa. Bei za hisa zilishuka ghafla, kisha zikarudi baada ya dakika chache.

Dai la 4: Kampuni hutangaza mazuri na mabaya sawasawa.

SI KWELI, na hapa ndipo penye uzito. Jung, Naughton, Tahoun na Wang walionyesha mwaka 2018 kwamba kampuni huwa nzito kutangaza matokeo Twitter yanapokuwa mabaya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtafiti anayehesabu ujumbe uliotumwa pekee atapata picha iliyopambwa. Inampasa aweke kalenda ya matokeo kando ya akaunti ya kampuni, aone ni robo ipi iliyopitwa bila neno.

Dai la 5: Programu ya kompyuta ikihesabu maneno mabaya, kazi imekwisha.

SI KWELI. Mwaka 2011, Loughran na McDonald walikuta kwamba karibu robo tatu ya maneno ambayo orodha ya kawaida ya Kiingereza iliyahesabu kuwa mabaya hayana ubaya katika ripoti za fedha. Kodi na gharama, kwa mfano, ni mambo ya kila siku katika vitabu vya hesabu. Ikiwa orodha hiyo inapotosha hata ripoti za Kiingereza, basi haiwezi kutumiwa kupima mazungumzo ya Kiswahili ya wawekezaji wa Nairobi au Dar es Salaam. Tena yanayosemwa ndani ya makundi ya WhatsApp ni ya faragha, wala mtafiti hana haki ya kuyachota bila ridhaa.

Mitandao ni ushahidi halali, lakini ni ushahidi uliochaguliwa na anayesema. Watafiti wetu waanze na swali ambalo mkaguzi wa hesabu amelizoea: ni nini kilichopaswa kuwapo hapa, na mbona hakipo?