Kabichi na Chupa ya Dawa



Mkulima wa karafuu amezoea kungoja. Mwaka mmoja mti huzaa hata matawi yakainama, na mwaka unaofuata ukatoa majani tu. Lakini jiko halingoji, wala mahitaji ya watoto wa skuli hayangoji. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye maji karibu afikirie bustani ya kabichi, zao linalovunwa katika miezi mitatu au minne tangu kusiwa mbegu.

Tuwatazame wenzetu wa bara. Kasoli ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma na ya pamba. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na huanza kuuzwa kama Mei au Juni. Fedha hiyo ikiisha, mkulima hungoja mwaka mzima, kama sisi. Hapo ndipo bustani ya kando ya lambo au kisima inapokuwa na faida kubwa.

Lakini Kasoli iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na visiwa vyetu havifiki hata mita 200. Kabichi hupenda baridi. Joto likizidi, kichwa huwa chepesi na hakifungi. Basi huku kwetu tusie mbegu mwishoni mwa masika, ili miche ikue wakati wa kipupwe. Tuchague mbegu inayovumilia joto au inayokomaa upesi, kama Copenhagen Market.

Kitaluni miche hukaa wiki nne. Ipandikizeni jioni, futi 2 baina ya mistari na futi 1 na nusu baina ya mche na mche. Kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 kitachukua miche ipatayo 370. Kila shimo litiwe konzi mbili za samadi iliyooza sawasawa. Mwagilieni kwa kipimo kile kile siku zote, kwani bustani iliyokauka kisha ikajazwa maji ghafula hupasua vichwa. Na mahali palipovunwa kabichi pasipandwe tena kabichi wala sukumawiki kabla ya miaka mitatu, kwa kuwa maradhi hubaki udongoni.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa. Adui mkuu wa kabichi ni kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo wa kijivu. Ukimgusa, hujipindapinda akaanguka akining'inia kwa uzi. Wengi wakimwona hukimbilia dawa kali, na asipokufa huongeza kipimo. Mahali penye pamba kishawishi ni kikubwa zaidi, maana chupa ya dawa ya funza wa vitumba imo nyumbani tayari. Lakini pamba haitiwi sufuriani. Dawa iliyowekewa kipimo cha pamba haikupimwa kwa jani litakaloliwa wiki ijayo na mtoto wa mnunuzi, au na mtoto wako mwenyewe.

Tena kiwavi huyu ni hodari wa kuzoea sumu. Huko Java, mwaka 1953, ilionekana kwamba DDT haimwui tena, na tangu hapo amezishinda dawa nyingi nyingine. Wanaokufa ni wale wanaotusaidia. Wako nyigu wadogo sana wanaotaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wa nyigu humla kiwavi akingali hai. Mwaka 2002 taasisi ya ICIPE ya Nairobi iliwafungulia nyigu wa namna hiyo, walioletwa kutoka Taiwan, katika milima ya Taita nchini Kenya, wawasaidie wakulima wa kabichi. Anayepiga dawa kali kila wiki huwaua askari wake na kumwacha mwizi.

Basi fanyeni hivi. Kagueni chini ya majani mara mbili kwa wiki, na viwavi wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, chukueni gramu 50 za kokwa za mwarobaini zilizotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, mloweke usiku kucha, mchuje, mpulize jioni. Ikibidi kununua dawa, iwe ile iliyoandikiwa kabichi, na siku za kungoja zilizotajwa katika karatasi ya chupa zihesabiwe moja moja kabla ya kuvuna.

Mnunuzi haoni sumu katika jani, anamwamini mkulima. Sisi tuliojifunza kungoja mkarafuu miaka mingi kabla haujazaa, hatushindwi kungoja siku chache kwa ajili ya kabichi.