Mfanya Biashara Aliyeshika Bunduki, Kisha Kalamu

Yannis Makriyannis alizaliwa mwaka 1797 huko Ugiriki, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Waturuki. Wazazi wake walikuwa maskini, naye hakupata elimu. Alipokuwa kijana alikwenda katika mji wa Arta, akafanya biashara na kukopesha fedha hata akawa mtu mwenye mali.

Mwaka 1820 aliingia katika chama cha siri kilichotaka uhuru. Vita vilipoanza mwaka 1821 aliiacha biashara yake akashika bunduki, akajeruhiwa mara nyingi.

Mwaka 1829, akiwa Argos, alianza kuandika habari za maisha yake, ingawa kuandika alikujua kidogo tu. Alitumia lugha ya watu wa kawaida, akausifu ushujaa wa wapiganaji na kuulaumu wazi ugomvi wa wakubwa. Kwa ajili ya hayo alilazimika kuyaficha maandishi yake.

Mwaka 1853 alihukumiwa kufa, ikisemekana amemfanyia mfalme hila, lakini mwaka uliofuata akafunguliwa. Alifariki mwaka 1864. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1907, na leo Wagiriki humhesabu mtu huyo asiyesoma shule kuwa miongoni mwa waandishi wao bora.