Soketi inayopata joto ni hatari kuliko iliyozima

WENYE nyumba wengi huanza kuhangaika soketi inapokataa kutoa umeme. Hata hivyo, soketi iliyozima kabisa kwa kawaida haina hatari kubwa kama ile inayoendelea kufanya kazi huku ikitoa joto, harufu ya plastiki iliyoungua au mlio wa kutatarika.

Katika eneo la Tabaka, Kaunti ya Kisii, linalosifika kwa uchongaji wa mawe ya sabuni, suala hili lina uzito wa pekee. Sanamu na bakuli hupigwa msasa kwa maji, mara nyingi karibu na nyumba wanamoishi watu. Vumbi laini la mawe linaweza kupenya matundu ya soketi, na likichanganyika na unyevu, umeme huweza kupita pasipostahili. Aidha, mikono iliyolowa haifai kamwe kugusa plagi wala swichi.

Hatua ya kwanza ni kubaini kasoro iko wapi. Kifaa kilichokataa kuwaka kichomolewe na kujaribiwa kwenye soketi nyingine iliyo nzima. Kikiwaka, tatizo ni la soketi. Kisipowaka, tatizo limo katika kifaa chenyewe au katika plagi yake.

Plagi ya pini tatu inayotumiwa nchini Kenya ina fyuzi ndani yake: ya ampea 3 kwa vifaa vidogo kama vile redio, na ya ampea 13 kwa vikubwa kama vile birika na pasi. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kile kile. Kuizungushia waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni sawa na kumfukuza mlinzi na kuacha lango wazi.

Nyumba nzima ikiwa gizani, ni busara kutazama kwanza kama tokeni zimekwisha au kama majirani nao hawana stima. Iwapo soketi pekee ndizo zilizozima huku taa zikiwaka, huenda swichi yake ya usalama kwenye sanduku la umeme imeruka. Vifaa vyote vichomolewe, kisha swichi hiyo irudishwe mara moja tu. Ikiruka tena, isilazimishwe.

Kasoro ya kuogopwa zaidi ni ile ambayo swichi hiyo haiwezi kuitambua. Skrubu inayobana waya nyuma ya soketi ikilegea, umeme hupita kwa taabu mahali hapo na kuzua joto. Kwa kuwa kiasi cha umeme hakijazidi, fyuzi haikatiki wala swichi hairuki. Plastiki hugeuka rangi, huyeyuka, na hatimaye moto unaweza kuzuka watu wakiwa wamelala. Dalili hizo hugunduliwa mapema kwa macho na pua tu.

Mzigo nao huchangia. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 240, hivyo soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja kwenye ekstensheni moja hufikisha wati 3,200. Ekstensheni yenye waya mwembamba huweza kupata joto hata kabla ya kufikia kiwango hicho.

Mazoea mengine ya kuachwa ni kuchokora tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na pini yake ndefu ndiyo hufungua vizuizi vya matundu mawili ya chini vinavyowakinga watoto. Isitoshe, pini za mviringo hazishikwi sawasawa, hivyo hutoa cheche. Adapta inayofaa huondoa haja hiyo.

Kufungua soketi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwani waya zilizo nyuma yake zingali na umeme. Fundi huzima swichi kuu, kisha hupima kwa testa kabla ya kugusa chochote. Kampuni ya Kenya Power hushughulikia laini hadi kwenye mita. Nyaya za ndani ni jukumu la mwenye nyumba.

Soketi ikitoa moshi, swichi kuu izimwe mara moja iwapo inaweza kufikiwa kwa usalama, na maji yasimwagwe. Mtu aliyenaswa na umeme naye asiguswe kabla umeme haujazimwa.

Hadi fundi afike, soketi iliyopata joto isitumiwe hata kuchaji simu. Kwamba bado inatoa umeme si ushahidi kuwa ni salama.