Jua la Leeds na jua la Birkat al Mauz

Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ami yangu anayeishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, alituandikia kwamba anataka kutoa akiba yake atie paneli za sola juu ya paa la nyumba yake. Akaniuliza mimi, kwa vile nasoma uhandisi hapa Birkat al Mauz: "Haya injinia wetu, unanishauri vipi?"

Nilijibu kabla sijafikiri: "Ami, jua gani hilo la Leeds? Usitupe pesa zako." Binamu zangu wakacheka. Ami akaandika: "Sawa, mwanangu. Lakini hesabu umepiga?"

Hesabu sikupiga. Nimeipiga baadaye, nikaona nimempotosha mtu mzima mbele ya ukoo mzima, tena kwa pesa zake za uzeeni. Naandika makala hii kwa sababu wengi wetu klabuni tuna jamaa Uingereza na nchi nyengine za baridi, na swali hili litatufikia sote.

Paneli hula mwanga, si joto

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba sola inataka joto. Paneli hugeuza mwanga kuwa umeme, na joto huipunguzia nguvu. Viwanda hupima nguvu ya paneli ikiwa na nyuzi 25 za joto, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4. Juu ya dari zetu mwezi wa Julai paneli inaweza kufika nyuzi 65. Zidisha mwenyewe: tunapoteza asilimia 12 hadi 16, na hapo vumbi hatujalitaja. Siku ya baridi yenye jua, kwa mwanga ule ule, paneli ya Leeds hufanya kazi vizuri kuliko yetu.

Mawingu nayo hayaizimi paneli, huipunguzia tu, maana mwanga uliotawanyika angani bado unafika. Ujerumani haina sifa ya jua kali, lakini mwaka 2024 ilipata kiasi cha asilimia 14 ya umeme wake kutokana na jua.

Shida ya kweli ni majira

Hata hivyo nisije nikaangukia upande wa pili. Leeds iko karibu na latitudo ya 54, sisi tuko kwenye 23. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, jua kwetu linakuwa karibu utosini, na Leeds linapanda hadi nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Si haba, na mchana wao una urefu wa saa 17. Lakini tarehe 21 Desemba jua letu hupanda nyuzi 44, lao nyuzi 13 tu, na mchana wote ni saa saba na nusu. Mwezi huo paneli zao hazitoi hata moja ya tano ya umeme wa Juni, na ndio wakati taa zinawashwa tangu alasiri.

Hapo nikaukumbuka mfereji ninaoupita kila siku nikienda chuoni. Falaj al Khatmain ni moja ya falaji tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Zamani zamu za maji ya falaji zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana, na kwa nyota usiku. Mwenye shamba hakuuliza tu maji ni mengi kiasi gani, aliuliza pia zamu yake inaangukia lini. Na sola ni hivyo hivyo. Sisi tunahitaji umeme zaidi mchana wa kiangazi, viyoyozi vikiunguruma, na jua lipo. Leeds jua linakuja kiangazi na haja kubwa inakuja wakati wa baridi. Betri ya nyumbani huweka umeme wa mchana ukatumika usiku. Haiwezi kuuweka wa Juni mpaka Desemba.

Hesabu ya ami

Ami alipewa bei ya pauni 6,500 kwa paneli za kilowati 4. Kwa Leeds, hizo zinaweza kutoa kiasi cha yuniti 3,400 kwa mwaka. Ofgem, wasimamizi wa nishati wa Uingereza, mwaka 2023 walichukulia kwamba nyumba ya kawaida hutumia yuniti 2,700. Kwa mwaka mzima basi zinatosha na kuzidi, ila hazitoki wakati anaozihitaji. Tukadirie atatumia mwenyewe yuniti 1,400, ambazo angezinunua kwa karibu peni 25 kila moja, na 2,000 atauza kwenye gridi kwa peni 12. Jumla ni pauni 590 kwa mwaka. Pesa zake zinarudi baada ya miaka 11, na paneli kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 25. Inveta huenda akaibadilisha mara moja.

Paneli hizo hizo juu ya dari letu zingetoa kama yuniti 6,800, mara mbili ya zake. Lakini kwetu umeme ni rahisi, kwa sababu serikali hubeba sehemu ya gharama. Tukiikadiria yuniti kwa baiza 20, tunaokoa riali 136 kwa mwaka. Pauni 590 za ami ni kama riali 300. Ana nusu ya jua letu, na anaokoa zaidi ya mara mbili ya pesa zetu.

Ndiyo maana sola ya Oman imekua zaidi jangwani kuliko majumbani. Kituo cha Ibri cha megawati 500 kilifunguliwa Januari 2022, na mwaka 2025 vikafuata vituo viwili vya Manah, jirani zetu, vyenye jumla ya megawati 1,000 hivi. Mpango wa Sahim, unaomruhusu mwenye nyumba kutia paneli na kuuza umeme unaobaki, upo tangu 2017. Lakini panda juu ya dari mtaani kwetu utazame: matangi ya maji na madishi.

Swali la bibi

Bibi alikuwa akitusikiliza siku zote hizo. Yeye alikuwa Unguja umeme ulipokatika kisiwa kizima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya unaopita chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Anakumbuka ndoo zaidi kuliko giza, kwa sababu pampu za maji zilisimama. Akauliza: "Umeme ukikatika huko kwao, hizo sola zitawasha taa?"

Swali zuri kuliko langu. Jibu ni hapana, kama mfumo ni wa kawaida uliounganishwa na gridi. Inveta hujizima yenyewe ili isipeleke umeme kwenye nyaya wanazozitengeneza mafundi. Anayetaka taa wakati wa kukatika lazima anunue betri na inveta maalumu, na gharama inapanda.

Nikarudi kwenye kundi, pale pale niliposema mwanzo, nikaandika: "Ami, nisamehe, nilisema bila ya kujua. Kama paa lako linaelekea kusini, halina kivuli cha mti wala jengo, na wanakununulia umeme kwa bei ya haki, tia. Desemba usizitegemee."

Ami akajibu kwamba paa linaelekea kusini, na mafundi watakuja mwezi wa nne. Kisha akauliza: "Na nyinyi huko, dari lenu je?"

Nimemwomba baba bili za umeme za kiangazi kilichopita. Safari hii nitapiga hesabu kwanza.