Inspekta Lestrade na Figa la Tatu

Atajwapo Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, wengi humkumbuka mara moja na rafiki yake Daktari Watson, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Yuko mtu wa tatu, Inspekta Lestrade wa polisi ya London, ambaye hutajwa kwa mzaha tu, kana kwamba kazi yake yote ni kukosea ili mwingine apate. Sifa hiyo haimtoshi, na mwenye kutaka kufahamu jinsi hadithi za upelelezi zinavyojengwa, za Kiingereza na za Kiswahili pia, yampasa amtazame upya.

Lestrade alitokea mara ya kwanza mwaka 1887, katika *A Study in Scarlet*, kitabu cha kwanza cha Holmes. Ni mtu mdogo wa umbo, mwenye macho meusi na uso kama wa panya. Na Holmes, akimtaja pamoja na mwenzake Gregson, asema kuwa hao ndio afadhali katika kundi lisilofaa. Katika nyumba alimouawa mtu, ukutani pameandikwa kwa damu RACHE. Lestrade ndiye aliyeyagundua maandishi hayo, akaamua kuwa mwandishi alitaka kuandika Rachel, jina la mwanamke, akakatizwa. Holmes amweleza kuwa neno hilo ni la Kijerumani, maana yake kisasi, tena limeandikwa makusudi ili kuwapoteza polisi. Kosa la inspekta hapa si la macho, bali la kusoma: herufi zote ameziona, ila amezisoma kwa lugha moja tu aijuayo.

Wasomaji wa siku zile walikuwa na sababu ya kumcheka. Idara ya upelelezi ya polisi ya London, iliyoanzishwa mwaka 1842, iliingia aibuni mwaka 1877 maofisa wake walipohukumiwa mahakamani kwa rushwa, na mwaka uliofuata ikaundwa upya. Kitabu kilipotoka, aibu hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Hata hivyo desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Edgar Allan Poe wa Marekani, katika miaka ya 1840, alikwisha mweka mkuu wa polisi wa Paris mbele ya Dupin ili ashindwe. Mkuu huyo ajulikana kwa herufi G tu. Na jina la kwanza la Lestrade nalo halijulikani ila kwa herufi hiyo hiyo. Huenda ni sadfa.

Hadithi inayomfaa zaidi mchunguzi ni ile ya mjenzi wa Norwood, iliyotoka mwaka 1903. Kijana mwanasheria, McFarlane, ashtakiwa kumwua mjenzi Oldacre. Lestrade aona ukutani alama ya damu ya kidole gumba, ailinganisha na kidole cha kijana, na zalingana. Ikumbukwe kwamba ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilikuwa imefunguliwa mwaka 1901 tu. Basi inspekta huyu anayesemwa kuwa mzito wa akili atumia elimu mpya kabisa ya wakati wake, na aitumia sawasawa. Alama ni ya McFarlane kweli. Ila Holmes aliukagua ukuta ule siku iliyotangulia, na alama haikuwapo. Oldacre, aliye hai na amejificha katika chumba cha siri, ameichukua kutoka kwenye lakiri ambayo kijana aliibonyeza kwa kidole chake. Lestrade ameuliza alama ni ya nani. Hakuuliza imefika lini. Holmes awasha majani makavu, watu wapiga kelele za moto, na aliyedhaniwa marehemu atoka mbio. Kisha Holmes akataa jina lake lisiandikwe katika taarifa, sifa zote amwachia inspekta.

Ukarimu huo si wa bure. Holmes hana amri ya kukamata mtu wala kumpeleka mbele ya hakimu. Ajualo halina nguvu mpaka lipite mkononi mwa Lestrade. Mwaka 1904 Conan Doyle alionyesha upande wa pili: Holmes na Watson wavunja nyumba ya Milverton, mtu aliyekuwa akiwatoza watu fedha kwa kuwatishia siri zao, nao washuhudia akiuawa. Asubuhi Lestrade aja kuomba msaada wa kuwatafuta wezi wawili, na mmoja wao, kwa maelezo yake, afanana sana na Watson! Holmes akataa kumsaidia. Kichekesho hicho kina uzito wake, maana chaonyesha kuwa mpelelezi asiye na askari pembeni yake hayuko mbali na mhalifu. Mwezi uliofuata ilitoka hadithi ya sanamu sita za Napoleon, na mwishoni mwake Lestrade atamka kuwa Scotland Yard haimwonei Holmes wivu, bali yaona fahari juu yake. Holmes, asiyeguswa na jambo, ageuza uso.

Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya hadithi ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Bwana Msa na Najum hulinganishwa na Holmes na Watson, na kiko cha Msa hutolewa ushahidi. Inspekta Seif hupitwa. Naye ndiye figa la tatu. Yafaa kutazama jinsi alivyovuka bahari: Holmes amekuwa Bwana, heshima ya nyumbani, bali polisi amebaki na cheo cha kigeni mbele ya jina la kwao, katika Unguja iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza mpaka Desemba 1963. Na lugha yenyewe haikusaidia kuwatenga, kwa kuwa neno mpelelezi humwita Msa, humwita ofisa wa polisi, na humwita jasusi vilevile. Ni cheo hicho cha inspekta tu kinachomwambia msomaji ni nani kati yao mwenye pingu.