Pikapu ya mzigo na ya kulala: piga hesabu kwanza

Vijana wenzangu, wengi mnaopeleka nyanya sokoni mnauliza kuhusu kufunga kanopi nyuma ya pikapu, ukishashusha mzigo ulale humo badala ya gesti. Inawezekana, ila kanopi inakula mzigo.

Soma kibandiko cha mlangoni au kadi ya gari. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Tuseme imebaki kilo 1,000. Sasa toa dereva na msaidizi 150, kanopi 200, godoro na vyombo 50, maji lita 60 ambayo ni kilo 60. Unabaki na 540. Kwa kreti za kilo 40, hizo ni 13, siyo 25. Ukizidisha, springi zinalala na breki zinachelewa kushika mteremkoni.

Kuhusu kulala: dabo kebini nyingi zina bodi ya kama mita 1.5, utakunja miguu. Singo kebini inazidi mita 2. Weka madirisha mawili ya wavu. Jiko la mkaa libaki nje hata kukiwa na baridi, hewa yake inaua ukiwa usingizini.

Ukishafunga, pitisha gari kwenye mizani likiwa na kila kitu. Hesabu ikikataa, lala gesti, beba nyanya.